Saba na Robo Chini ya Rangi

Amisi, nani alikutuma kupaka rangi kifuniko cha sanduku la zana la babu yako? Rangi ya buluu, tena, na juu yake jina lako kwa herufi nyeupe, kubwa kama za mlango wa duka. Eti ukifika kule kwenye machimbo ya dhahabu, Salamabila, mafundi wakuone umetoka kwa watu. Umetoka kwangu, bibi yako, mjinga wewe. Na mtu aliyetoka kwangu hafuti maandishi ambayo hajayasoma.

Ninaandika jua likiwa bado juu. Umerudisha sanduku nyumbani, umechukua baiskeli, umekwenda kuaga wajomba zako, na najua utarudi jioni umeshiba ndizi na vicheko. Barua hii utaikuta juu ya sanduku, palepale penye jina lako, huwezi kuikosa. Wazazi wengine wangekuandikia uvae nguo kavu, usali, uwasalimie watu. Mimi leo sina nafasi ya hayo. Vaa unachotaka. Mimi nina hasira, na hasira yangu ina namba.

Mchana nilikuletea bukari na sombe pale garaji. Ulikuwa umepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma la ile kamyo ya Waamerika, ileile itakayokuchukua kesho alfajiri pamoja na mizigo ya pamba na watu wote watakaopanda juu yake mpaka Kabambare. Hukuniona. Saidi, dereva, alikuwa ameshika kitabu cha kamyo.

"Saidi, kitabu inasema nati za gurudumu tukaze ngapi?"

"Mia moja makumi nane. Lakini ni futi na ratili, hii ya Waamerika. Ufunguo yetu iko na mita na kilo."

Ukageuza macho kwenye kifuniko cha sanduku. Niliyaona macho yako, Amisi, usinidanganye. Yalikwenda kutafuta kitu ambacho kilikuwa pale tangu ulipokuwa mtoto, yakakuta rangi ya buluu. Ukacheka.

"Ah, gawanya kwa kumi! Kumi na nane. Karibu sawa."

"Una hakika?"

"Mimi nimesoma kwa mafurere wa misheni, Saidi. Na wewe umesoma kwa nani?"

Garaji nzima ikacheka. Kapita, msimamizi wenu, akacheka, waosha magari wakacheka. Saidi naye akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na pa kwenda. Akainama akaanza kukusomea sindano ya ufunguo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza: kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, simama! Ukahamia nati ya pili. Ukafanya gurudumu zima hivyo, kisha la pili, ukipiga mluzi.

Mimi nikaweka chakula juu ya pipa nikaondoka. Nikakusikia nyuma yangu ukiwaambia, "Mke wangu amenuna leo! Kesho namwacha, ndiyo sababu." Maana unalo jina la mume wangu, na tangu ulipojua kusema umeniita mke wako, na mimi nimekupikia kama mume, nimekugombeza kama mume. Wakacheka tena. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mimi, mwanamke ambaye kapita mwenyewe huzunguka njia nyingine akiniona na mwiko, nilitoka pale bila neno.

Nitakuambia kwa nini. Maneno uliyomwambia Saidi niliyasema mimi kwanza. Mahali palepale. Mtu niliyemwambia alikuwa babu yako.

Wewe babu yako unamkumbuka kwenye kigoda, mguu mmoja, akisuka mitego ya samaki na kukufukuza na fimbo. Hukumjua akiwa na miguu miwili. Huyo Amisi wa kwanza alikuwa fundi ambaye patro, mzungu mwenye garaji, alimwita hata siku ya Jumapili. Kusoma hakujua, namba alizitambua tu. Alikuwa anaweka mkono juu ya nati, anakaza, anasikiliza kwa bega, anaacha. Haikufunguka hata moja. Miaka yote ile, hata moja.

Baada ya vita wazungu walileta funguo zenye sindano. Patro akasema mikono imekwisha, sasa namba tu. Vizuri. Lakini kamyo wakati ule ilitoka Ulaya, kitabu chake kinasema mita na kilo, na ufunguo ulitoka kwa askari wa Amerika, sindano yake inasema futi na ratili. Leo imegeuka: kamyo ya Amerika, ufunguo wa Ubelgiji. Wananunua chuma huku na chuma kule, wanavitupa pamoja hapa Kasongo, halafu wanamwambia mutu mweusi, kaza! Ukimwuliza mzungu namna ya kutoka hesabu hii kwenda hesabu ile, anakwambia iko kitabuni. Kitabu kiko wapi? Kiko kwenye kabati. Kabati? Limefungwa. Hasira hiyo nayo ninayo, lakini leo si zamu yao.

Babu yako alirudi nyumbani na namba kichwani. Kitabu kilitaka mita-kilo ishirini na tano. Akaniuliza, "Kwenye ufunguo ya Waamerika itakuwa ngapi?"

Na mimi, miaka yangu mitatu shuleni kwa masere, wale masista wa misheni, nilifurahi! Hatimaye fundi mkubwa ananiuliza kitu! Sikumwambia ngoja niulize. Nilijua baba mkwe wangu, aliyekuwa na duka, alivyopima: mita moja ni futi tatu na kipande, kilo moja ni ratili mbili na kipande. Na nilijua desturi ya duka lile, maana nilikata vitambaa mle na kupima chumvi mle: kipande hakihesabiwi. Kipande kinabaki kwa mwenye duka. Basi tatu mara mbili, sita. Ishirini na tano mara sita, mia moja na hamsini. Nikaiandika kwenye karatasi nikampa, nikakaa kama malkia.

Kesho yake nikampelekea chakula. Nikamkuta amesimama, ufunguo mkononi, sindano iko juu ya mia moja na hamsini, na uso wake haupendi.

"Mama Zaina," akaniambia kwa sauti ya chini, "mkono yangu inasema bado."

Angalia alivyonisemesha, Amisi. Kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. Na mimi nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mkono wako umesoma shule gani? Karatasi imesema mia moja na hamsini! Mutu asiyejua hata kuandika jina lake anabishana na hesabu?"

Watu wakacheka. Yeye akaitazama nati, akanitazama mimi, akaweka ufunguo chini.

Siku ya pili kamyo ilikuwa inateremka kuelekea mto Luama, njia ya Kabambare, naye amekaa juu ya mizigo kama fundi wa safari. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Nati zilikuwa zimejilegeza moja moja tangu walipoondoka hapa. Nati iliyobanwa pungufu inacheza, ikicheza inakula uzi wake, ikila uzi inakwenda. Gurudumu lilitoka likateremka peke yake mbele ya kamyo, kama mbuzi aliyekata kamba. Kamyo ikalala ubavu. Watu waliruka, Mungu alikuwa macho siku hiyo. Babu yako hakuruka, alikuwa anamsukuma mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ili aruke kwanza. Mguu ukabaki chini ya chuma. Daktari aliukata juu ya goti.

Patro akaja hospitali na hasira zake. "Nani alikupa namba ile?"

Nilikuwa nimesimama pale, upande wa miguu ya kitanda. Babu yako akasema, "Mimi mwenyewe, patro."

Yeye! Asiyejua hata kuzidisha! Mzungu alijua ni uongo, karani aliyekuwa akitafsiri alijua ni uongo, na mimi nikanyamaza. Kazi akafukuzwa kwa uzembe, jina la uzembe likamfuata mpaka kaburini. Sikufungua mdomo. Siku niliyopaswa kunyamaza nilipiga kelele, na siku niliyopaswa kusema nikameza ulimi. Watu wanasema mimi ni mwanamke mkali. Ndiyo. Sasa unajua ukali wangu umetoka wapi.

Na nilimkasirikia yeye pia, nakuambia kweli. Hakunigombeza. Miezi mitatu nilingoja anitukane, anipige hata na ile fimbo ya kutembelea, nipate kulia vizuri. Wapi! Mpaka asubuhi moja akanipigia kelele kutoka uwanjani: "Mama Zaina! Lete mti mrefu, mnyoofu. Na jiwe la ratili la baba. Na kilo yako ya chumvi. Leo tutaona kipande chako kilikwenda wapi."

Soma hapa polepole, wewe wa mafurere, maana hiki hawakukufundisha.

Tulifunga mti katikati, ukaning'inia sawa, kama mizani. Akaniambia, kukaza nati ni kitu kimoja na kukamua mawese: ni urefu wa mti ulioshika, na uzito unaouweka kwenye ncha yake. Ndivyo nilivyofanya tangu msichana kule kwetu, tunaning'inia wawili kwenye mti wa kinu cha kukamulia, na ukisogea ndani mafuta yanakataa kutoka. Nikaelewa mara moja. Mita-kilo ni kilo moja kwenye ncha ya mti wa mita moja. Futi-ratili ni ratili moja kwenye ncha ya mti wa futi moja. Basi.

Upande mmoja, mita moja kutoka katikati, tukatundika kilo ya chumvi. Upande wa pili, futi moja kutoka katikati, tukaanza kutundika vifuko vya mchanga, kila kimoja ratili moja, nilivipima mwenyewe kwa lile jiwe. Kimoja. Viwili. Chumvi bado iko chini. Vitano. Sita.

"Sita ndiyo hesabu yako," akasema. "Mti umenyooka?"

Haukunyooka. Chumvi ilikuwa chini, imekaa, kama inanicheka.

Cha saba. Chumvi ikapanda, lakini bado kidogo. Nikachukua mchanga mkononi, nikaongeza kidogo kidogo kwenye kifuko cha nane, mpaka mti ukanyooka. Tukakipima kile kifuko: robo ya ratili. Saba na robo.

Nililia pale, na yeye akanitazama akasema, "Unalilia nini, lete msumari." Nikaandika kwa msumari kwenye kifuniko cha sanduku lake, nikichimba mbao, herufi zangu mbaya: *mita-kilo 1 = futi-ratili 7 na robo.* Aliposhika yale maandishi kwa kidole, hakuweza kuyasoma, lakini alijua yako wapi. Mpaka anakufa alikuwa anapitisha kidole pale. Ndicho ulichopaka rangi.

Kipande nilichokitupa mimi, kile cha mita na kile cha kilo, dukani kilikuwa cha mwenye duka. Kwenye nati kipande ni cha mtu aliyekaa juu ya kamyo. Mimi nilitupa vipande viwili, vikazidishana gizani nisivione, vikawa thelathini na moja. Kitabu kilitaka mia moja themanini na moja kwa futi-ratili, mimi nikampa mia moja na hamsini.

Sasa hesabu yako wewe. Kumi na nane mara saba na robo. Fanya. Ni mia moja na thelathini na nusu. Kitabu kinataka mia moja na themanini. Mimi niliyesoma miaka mitatu nilipunguza thelathini na moja. Wewe, cheti ukutani, umepunguza hamsini kasoro nusu, ukapiga mluzi.

Najua kumi yako imetoka wapi. Shuleni kila kitu ni kumi: kumi inazaa mia, mia inazaa elfu, unasogeza nukta tu unapewa alama. Mkanyooshewa dunia mpaka mkadhani yote imenyooka. Futi ya Mwingereza haikuomba ruhusa kwa mafurere. Ukifika Salamabila utakuta mashine za kila nchi zimesimama safu moja, kila moja na kipimo cha kwao, na hakuna atakayekungoja. Ukiwa hujui, sema sijui. Neno hilo lingemwachia babu yako mguu.

Na usichanganye kuzidisha na kugawanya, maana hapo nako watu wanaangukia. Fikiri mafuta. Ukipima bidoni ya mawese kwa chupa utahesabu mara nyingi, ukipima kwa ndoo utahesabu mara chache, na mafuta ni yaleyale. Futi-ratili ni chupa, mita-kilo ni ndoo. Ukitoka kwenye ndoo kwenda kwenye chupa, namba inakua: zidisha kwa saba na robo. Ukitoka kwenye chupa kwenda kwenye ndoo, inapungua: gawanya. Na ukimaliza rudi kinyumenyume uone kama unafika ulipotoka. Saba na robo mara ishirini ni mia moja arobaini na tano, mara tano ni thelathini na sita na robo, jumla mia moja themanini na moja na kitu. Basi ni ishirini na tano. Kumi na nane ni upuuzi.

Halafu weka mkono. Nilimfundisha mtu kudharau mkono wake kwa sababu ya karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa ya uongo, niliiandika mimi. Wewe una mkono wa babu yako, nimekuona ukifungua baiskeli. Leo mkono ulikuambia nini pale kwenye kumi na nane? Ulikuambia bado. Niliona bega lako, lilisimama kidogo, likataka kuendelea. Saidi akasema simama, watu walikuwa wanakutazama, ukasimama. Namba na mkono vikigombana, mmoja wao anasema uongo, na hutoki pale mpaka umjue ni nani. Hata kama dunia nzima inacheka. Hata kama anayecheka ni mke wako.

Ndiyo sababu sikusema kitu mchana. Ningesema, ungekuwa mjinga mbele ya kapita siku moja kabla ya kwenda kwenye kazi yako ya kwanza, na ungejifanya hujasikia, kama mwanaume yeyote. Nimekwisha kumwaibisha Amisi mmoja pale garaji. Wa pili simwaibishi. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu ya karani wa jirani, vidole vinauma, kuandika karatasi ndefu kuliko zote nilizoandika maishani.

Lakini usinielewe vibaya, mume wangu. Ukikataa kuzikaza upya zile nati, kesho alfajiri nitabeba kiti changu nitakiweka mbele ya ile kamyo, na nitakaa. Hapo nitasema yote, mbele ya Saidi, mbele ya patro, mbele ya kila mama mwenye kikapu. Kuwa na aibu ni bora kuliko kuwa na mguu mmoja, lakini kuna njia ya tatu, na bado iko mkononi mwako.

Nimemwambia mlinzi wa garaji akufungulie lango jioni hii. Sikumwambia sababu. Nimemwambia umesahau kitu, na kweli umesahau.

Usile. Chakula kimefunikwa, hakikimbii. Chukua kisu, kwangua ile rangi kwenye kifuniko mpaka robo yangu ionekane. Jina lako liache upande, nafasi ipo ya wote wawili. Beba sanduku. Pita kwa Saidi umtoe nyumbani kwake, umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako: nilikosea, njoo unisomee sindano. Kisha nati zote, magurudumu yote, nati hii na ile inayotazamana nayo, ishirini na tano, hakuna karibu sawa. Na kila nati ikifika, weka mkono.

Mimi nakaa mlangoni. Simama, nenda.